Chapa ya Elektroni

Mwaka ule wa tisini na sita, mvua iliipita Kutulo kwa mbali kama mgeni aliyesikia kwamba nyama imekwisha. Mbuzi wa Ebla walikonda hata vivuli vyao vikawa vinene kuliko wao. Kama kisima cha mashine kisingetoa maji kabla ya jua kutua, mjane huyo angebaki na ngozi badala ya mifugo.

Kisima kilikuwa na maji, kilikuwa na jenereta, na kilikuwa na mzee Korane, mshika ufunguo wa jenereta. Kilichokosekana ni waya mzima. Punda alikuwa ameukata kwa kwato, na Korane akauunga kwa kamba ya ngozi. Jenereta ikanguruma mpaka ndege wakahama, maji hayakuja. Korane alishikilia kwamba fundo lake halina kasoro. Lilimshika ngamia dume, litashindwaje na umeme usio hata na miguu?

Hapo Ebla akamsukuma mbele Abdikafi, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa fizikia Garissa aliyekuja likizo. Mbuzi wengi walikuwa wameuzwa ili huyu asome. Waliobaki walikuwa na haki ya kuona faida.

Abdikafi akaeleza vizuri. Katika ngozi, alisema, kuna chembe ndogo ziitwazo elektroni, na kila moja imefungwa kwenye atomu yake kama ndama kwenye kigingi. Sukuma utakavyo, haiendi. Shaba ina mambo yake. Elektroni zake za nje zimeiacha atomu, zinazurura waya mzima, si za huyu wala yule. Jenereta ikizisukuma, zote husogea pamoja, na huko kusogea ndiko umeme. Basi waondoe kamba, waunge shaba kwa shaba.

Korane alikuwa ameshika neno moja tu.

"Zinazurura," alisema. "Hazina mwenyewe."

"Ndiyo, adeer," Abdikafi alimjibu kwa heshima ya mtoto kwa mzee. "Ni huru."

"Basi ni baadi."

Wazee wakaguna. Baadi ni mnyama aliyepotea, na sheria yake haina mjadala: humkamui wala humbebeshi mzigo mpaka atangazwe kisimani, mwenyewe apate nafasi ya kujitokeza. Na huyu mwalimu anataka kuwavutisha maji wanyama wa watu! Korane akautia ufunguo mfukoni.

Ebla alimvuta Abdikafi kando akamuuliza kwa nini hakusema kwamba hao elektroni wamefungwa.

"Kwa sababu hawajafungwa, eddo."

"Mkweli kama baba yako," alisema shangazi. "Naye alikufa hana hata kuku."

Ikatangazwa. Korane alisimama juu ya ukingo wa hori akauliza nani amepotelewa na elektroni, wadogo, wasioonekana, idadi yao aijuaye ni Mungu. Ebla alikuwa ameanza kushusha pumzi Muse alipokohoa. Muse aliwahi kudai kivuli cha mti kwa kuwa babu yake alilala hapo. Akauliza hao elektroni wana chapa gani.

Abdikafi, maskini, akajibu swali. Wote wanafanana, alisema, wote wana alama ya kutoa. Akachora mchangani kistari kimoja kilicholala.

Macho yote yakamgeukia ngamia wa Muse aliyesimama karibu. Pajani alikuwa na chapa ya ukoo, iliyochomwa kwa chuma cha moto: kistari kimoja kilicholala.

"Subhanallah," alisema Muse taratibu. "Babu alisema kuna mifugo yetu mingi ambayo haijarudi."

Chapa ni chapa. Papo hapo Muse akawa mwenye elektroni zote za Kutulo, na, kwa hesabu za Abdikafi, za ulimwengu mzima, pamoja na zilizomo katika ufunguo wa Korane. Sharti lake lilikuwa dogo: ngamia wake wanywe kwanza, wote, leo na siku zote. Nao walikuwa wengi kama maneno yake.

Ebla aliketi juu ya mtungi mtupu, akautazama waya. Akakumbuka jambo.

"Mzee Korane," aliita kwa upole wa kutisha, "yule ngamia wako aliyetafuna waya huu kabla ya Ramadhani, aliuawa na nini hasa?"

Korane akamgeukia mwalimu. Mwalimu, asiyejifunza, akasema ni elektroni waliopita mwilini mwake.

"Elektroni wa nani?" aliuliza Ebla.

Mnyama wa mtu akiua, mwenyewe hulipa; hilo hata mtoto anajua. Muse aliinama, akakipima kile kistari kwa vidole, akagundua kwamba cha kwao ni kirefu zaidi na mkiani kimepinda. Korane akamtaka aape. Muse akaapa kwamba hajawahi kumfuga elektroni, yeye wala baba yake.

Wametangazwa, mwenyewe hakuna; ufunguo ukatoka mfukoni. Abdikafi alikwangua ncha za waya, akasokota shaba kwa shaba, akafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Jenereta ikawashwa, maji yakaruka, na mbuzi wa Ebla wakazamisha vichwa horini mpaka masikioni.

Korane alisogea, uso umejaa mashaka. Hao elektroni wametoka kwenye jenereta sasa hivi, aliuliza, wamefikaje kisimani upesi hivi?

Abdikafi alifungua kinywa aeleze kwamba hakuna aliyesafiri, kwamba waya ulikuwa umejaa tangu mwanzo. Ebla akamziba mdomo kwa kiganja kilicholowa maji.

"Mbuzi wa mwisho akimaliza," alisema.