Tuta Lililoegemea Ukuta

...na kama si msingi basi ni nini, maana rangi hii ni mbichi, tena imeishia kiunoni, nani anapaka ukuta hadi kiunoni kama hana cha kuficha, Ngendo alijiuliza, kiganja kimebandikwa ukutani, baridi ikimpanda hadi kwenye kiwiko, na Mutahi mwenye nyumba nyuma yake hakomi kusema, "Hiyo ni baridi ya Nyeri tu, mwalimu, hata kanisani iko," eti baridi, baridi gani hiyo inayochagua ukuta mmoja ikaacha mitatu, wanunuzi wawili wameshakuja wakaona unyevu huu na ule ufa juu ya dirisha wakatoka mbio, msingi umekwisha, walisema, na Wangechi dadake jana, usipeleke jasho lako lote kwenye nyumba inayooza... miaka ishirini ya kupanga, kile chumba cha Mukurweini chenye kuvu nyuma ya kabati, binti yake Kabura akikohoa hadi machozi, la, hatanunua kikohozi akapewa na hati yake, lakini huu ufa, hebu, una utando wa buibui ndani, na vumbi, na rangi ya kijani ya zamani imeingia humo ikakauka, ufa unaoendelea kupanuka haukai na buibui, huu ulitulia zamani, basi msingi haukuzama, basi maji... "Nyumba iko na nguvu, hii ni mawe ya kuchonga," anasema Mutahi, na nje kila kipande kimelimwa, watu wetu hawawezi kuona udongo ukikaa bure, hadi spinachi inachungulia dirishani... inachungulia dirishani! Spinachi gani ina urefu huo, ni tuta, Mungu wangu, tuta limepandishwa hadi kiunoni, udongo na samadi vimeegemea jiwe, vinamwagiliwa asubuhi na jioni, na ukuta unakunywa tu, mwaka baada ya mwaka, na huku ndani unyevu unaishia papo hapo kiunoni, msingi hauna kosa, ni mboga, mboga! akaumauma midomo asicheke, wajuaji wote wale waligonga kuta humu ndani, hakuna aliyezunguka nyuma, siku mbili za jembe, mtaro wa kupeleka maji mbali, plasta iliyooza ibanduliwe, na jua la Januari limalize kazi, "Sasa mwalimu, unaonaje?" ukuta ungali baridi, Mutahi angali anangoja jibu, na Ngendo anamtazama kwa huruma kidogo, jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekawia kuaga.