Mkono Kwenye Mkanda

Zipu ililia gizani, polepole, kama inayoogopa kusikiwa. Mke aliijua: ni ya begi la kamera. Kabla mtoto hajazaliwa, sauti hiyo ilikuwa ikiwatoa nyumbani wote wawili.

"Lala tu, mama watoto," mume alinong'ona. "Bahari imechafuka leo. Mwanafunzi wangu ananingoja kwenye miamba."

Mwanafunzi. Wivu ukamtoa usingizi. Siku hizi huyo binti alikuwa hakauki mdomoni mwa mumewe: ana subira, haogopi maji, hachoki. Angekuwa sabuni, angeshatangazwa redioni.

Kulipopambazuka, akambeba mtoto mgongoni, akafuata.

Aliwakuta juu ya jabali. Mawimbi yalikuja yamefura, yakapasuka na kurusha povu juu kuliko vichwa vyao. Mume kabandika jicho kwenye kamera; binti yuko nyuma yake, kaung'ang'ania mkanda wa suruali yake.

Moyo ukamchoma. Kazi ile aliijua. Mpiga picha haoni wimbi la pembeni, kwa hiyo lazima awepo wa kumshika na kumtazamia bahari. Mshikaji alikuwa yeye, tangu uchumba wao. Watu wangecheka wakisikia, lakini hata kile kitanda cha ndoa hakikuwa chake kama ulivyokuwa mkanda ule.

Ndipo akaona. Binti alikuwa amenyoosha shingo, anachungulia picha kwenye kioo cha kamera. Na wimbi la pembeni linakuja.

"Rudi nyuma!"

Mume hakugeuka wala hakuuliza. Sauti ile aliizoea. Alimkokota binti wakarudi, na maji yakapiga pale pale walipokuwa wamesimama.

Binti alishuka, akamjia mke. "Nisamehe, dada. Nilikuwa naangalia picha ilivyotoka."

Mke alitaka kumjibu vibaya; maneno alikuwa ameyaandaa njia nzima. Lakini alikuwa binti mdogo tu, kalowa chapachapa.

"Zinavutia, najua. Hata mimi zilinivuta hivyo hivyo." Akamfungua mtoto mgongoni. "Kaeni kule kwenye mchanga mkavu. Huyu naye haogopi maji na hachoki. Subira ndiyo hana."

Akapanda jabali, akaupitisha mkono kwenye mkanda.

"Umenenepa," alisema.

"Ni chakula chako."

"Tazama kamera yako, bwana."

Akayakaza macho baharini. Nyuma yao, kutoka mchangani, mtoto alimweleza binti kwa sauti:

"Mama amemshika baba."