Oltaneta ya Ronald na Maji ya Alhamisi

Eliufoo alikuwa mwana wa Anaeli, na Anaeli alikuwa mwana wa Ndesario, mmoja wa waliouchimba mfongo, mfereji uletao maji katika vihamba vyao, mashamba ya ukoo ya Kirua Vunjo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba watu wa nyumba hiyo waliiba zamu ya maji ya jirani, wala kwamba walitoa ahadi wasiitimize. Sifa hiyo Mzee Eliufoo, mwalimu mstaafu, alitembea nayo kifua mbele, na Jumatano ile aliposhuka Majengo akiwa amevaa koti lake la kanisani, alishuka nayo.

Lakini moyoni alikuwa na hofu. Kesho yake, saa mbili asubuhi, mkewe Monica alitakiwa awe hospitalini mjini kupasuliwa mtoto wa jicho. Daktari bingwa angekuja siku hiyo moja tu. Ambaye angekosa angesubiri mwaka mzima, na Monica alikuwa haoni tena hata ukingo wa kikombe. Pikipiki hakuiweza, na basi la kwanza lingemchelewesha. Lilibaki gari moja, pikapu ya mjukuu wao Ronald, nayo ilikuwa wazi boneti katika gereji ya Shedrack, huko Majengo, tangu wiki iliyopita.

"Shikamoo, mzee," alisema Shedrack.

"Marahaba. Gari liko wapi?"

"Si hili mbele yako?"

"Ninaona mabomba. Nimeuliza gari."

Ronald, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, alicheka. Alikuwa amefunga tabo, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, ili pikapu ipande mlima na mzigo wa ndizi bila kukohoa. Bomba la ekzosi la tabo, linalotoa moshi, lilitaka kupita pale ilipokuwa oltaneta, kile kifaa kinachochaji betri.

"Kwa hiyo tumeihamisha, Babu. Tumeifunga huku chini, mbali na joto. Tazama ilivyokaa."

Mzee alivaa miwani, akainama. Ilikaa vizuri, hilo hakulikana. Breketi iliyoishikilia ilichomelewa kwa unadhifu na mkanda wa kuizungusha ulinyooka. Lakini kutoka pale hadi ardhini palikuwa na shibiri mbili tu.

"Kesho ni zamu ya nani?" aliuliza.

"Zamu ya nini, Babu?"

"Ya maji! Alhamisi alfajiri mfongo hufunguliwa upande wetu. Kalvati limeziba tangu masika. Maji yote yatapita juu ya barabara, pale pale utakapopita na bibi yako."

"Babu, huu ni Agosti. Nimepita pale kwa bodaboda tangu Jumatatu, pakavu kabisa."

"Ulipita Alhamisi?"

Ronald aliinama kuitazama tena breketi. Shedrack alijikuna kichwa kwa spana. "Mzee ametukamata. Mkanda ukilowa utateleza, na ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji. Mtachemsha injini kabla ya kufika lami." Kisha akamgeukia Ronald. "Wewe mtoto wa Kirua umesahau maji ya kwenu. Mimi wa Tarakea ningeyajuaje?"

Wakaifungua upya. Safari hii waliipandisha juu, upande wa pili wa injini, mbali na ekzosi na mbali na tope. Mkanda wa zamani haukufika. Mzee mwenyewe alizungusha uzi kwenye puli zote zinazopitisha mkanda, akaupima kwa rula, kisha akaenda nao kwa Mahendra, muuza vipuri, aliyekuwa akishusha shata ya duka lake.

"Mwalimu!" Mahendra aliipandisha tena. "Wewe nikufungie mlango? Ungenichapa kama zamani."

Mkanda mpya ukafungwa, na jua likizama injini iliwaka. Taa nyekundu ya betri ilitokea, ikazimika, ishara kwamba oltaneta inachaji. Mzee akaamuru wawashe tena, na tena mara ya tatu.

Alfajiri walishuka watatu, Monica katikati. Mbele yao maji ya udongo yalivuka barabara kwa kishindo.

"Ni zamu yetu," alisema Monica.

"Umesikia, Ronald? Hata asiyeona anajua."

"Nimesikia, Babu," alijibu kijana kwa aibu, akaingiza gia ya kwanza. Maji yalipiga sakafu. Mzee hakuyatazama, alitazama mahali ambapo taa nyekundu ingewaka. Haikuwaka. Walipotokea ng'ambo, aliegemea kiti.

Ijumaa bandeji ilitolewa jichoni. Monica alimkagua mumewe kuanzia ukosi hadi vifungo.

"Koti hili limechakaa hivi, Eliufoo? Nawe unapita nalo mbele za watu?"

Mzee alicheka hadi muuguzi akageuka. Kisha akakumbuka wajibu wake, akanyoosha mgongo.

"Ronald, kazi yako ni nzuri, na majirani nitawaambia hivyo. Lakini nisikilize, wewe na vijana wenzako: kabla hujahamisha kitu, waulize wanaojua kinachopita pale unapokipeleka. Kesho njoo na jembe tuzibue kalvati. Na uje umezikariri zamu zote za juma. Nitakuuliza moja moja."