Upande wa Mlima

Saa tatu asubuhi Mwai Theuri wa Gatitu alitoka kwenye bweni la wasafiri wasio na pesa akiwa na shanta mgongoni, chapati mbili kwenye mfuko wa pembeni, na ramani ya bure aliyoishika juu chini. Shanta ilikuwa na jina la Mjerumani mmoja aliyeteguka kifundo cha mguu kule juu ya Mlima Kenya. Mwai, ambaye kazi yake ni kubebea watalii mizigo, alimbeba Mjerumani huyo mgongoni mpaka kwenye gari. Jamaa akamwachia shanta, na baadaye akamtumia tiketi ya ndege kwa shukrani. Basi zamu ya Mwai ilikuwa imefika, ya kubeba mzigo wake mwenyewe na kutumbulia macho vitu vya watu.

Jiji lilikuwa la kale, na jina lake lilimshinda kulitamka. Alitaka kuona ngome, daraja na kanisa kuu. Aliona kanisa. Akatembea tena, akaona kanisa. Kama lilikuwa lile lile au makanisa yalikuwa mengi, hakujua, na ramani haikutaka kusema. Vichochoro vilipinda, vikajirudia, vikamtema penye mgahawa ule ule, ambapo mhudumu alikuwa ameshaanza kumpungia mkono.

Si kwamba Mwai ni mjinga. Ni kwamba Gatitu hakuna anayeelekezwa kushoto wala kulia. Unaambiwa nenda upande wa mlima, ukifika kwa mashine ya kusaga upe mlima mgongo, nyumba ni hiyo ya mabati ya bluu. Mtu aliyekuzwa hivyo ukimpokonya mlima umempokonya miguu.

Cucu yake, yaani nyanya yake, Watiri, alikuwa amemwonya. "Ukipotea, tafuta mlima," alimwambia siku ya kuondoka, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Mlango wa Watiri hutazama mlima, na hapo ndipo huomba kila alfajiri. Alipokuwa msichana, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari kabla ya uhuru, wakoloni walikusanya watu kwenye kijiji kimoja na kukizungushia waya na handaki. Walichukua ng'ombe, wakachukua shamba, wakamchukua na babake. Lakini mlima, alipenda kusema, ulikuwa mrefu kuliko waya. Sasa kifua kilikuwa kinamsumbua na alijua hana siku nyingi. Ombi lake lilikuwa moja: siku yake ikifika, atolewe nje, ageuzwe autazame.

Kwa hiyo, penye uwanja wenye chemchemi, Mwai alifanya alivyofundishwa. Alifumba macho, akageuka polepole mpaka mwili ukamwambia hapa, akafumbua. Mlima ulikuwepo, nyuma ya kanisa, msitu wa mianzi chini, kilele cha Batian juu, na kile kitheluji kidogo kilichobaki siku hizi. Mwai alishusha pumzi. Sasa alijua bweni liko wapi.

Mama mmoja mzee aliyekuwa akianika shuka kwenye roshani alimwangalia.

"Ni wenu huo?"

"Ndiyo, mama."

"Unanitilia kivuli kwenye shuka zangu."

Mwai aliomba radhi. Kisha akatembea vizuri, bila ramani, akaona ngome, akaona daraja, akala chapati moja akitazama bata mtoni. Alifurahi sana, na furaha hiyo ndiyo iliyomuuma baadaye.

Saa saba mchana simu ililia. Alikuwa dadake, Nduta.

"Mwai, mlima haiko."

"Ni mawingu."

"Mawingu gani? Kumeclear kabisa. Ni flat tu. Nimesimama hapa kwa cucu naona mpaka Chuka, ng'ambo ile ya mlima. Kuna mtu wa huko anaanika kahawa, amenipungia mkono."

Mwai aligeuka akautazama mlima nyuma ya kanisa. "Niko nayo huku," alisema.

"Ati uko nayo? Ukaenda nayo kufanya nini?"

"Nilikuwa nimepotea."

Nduta hakushangaa, alikasirika, kama mtu ambaye nduguye ameondoka na ufunguo wa nyumba. "Sasa sikiza," alisema. "Cucu amekataa uji tangu asubuhi. Amesema ni leo. Tumemtoa nje kwa mlango, ameangalia, ameuliza tumeweka mlima wapi. Irudishe mbio, kabla jua iingie."

Mwai alikimbia. Aliwaza njiani kwamba mlima ulikuja kwa kutafutwa, basi utarudi kwa kuambiwa, mradi aukaribie na kuuambia kwa adabu. Lakini alipofika nyuma ya kanisa alikuta wafanyakazi wa jiji wamemaliza kuuzungushia waya. Palikuwa na lango, foleni, na kibao kipya cha shaba. Mlima ulikuwa umepewa jina la bwana mmoja wa zamani wa hapo, aliyekufa bila kuvuka hata mto wa kwao.

Mwai alipanga foleni. Zamu yake ilipofika, alifanya alichozoea kufanya kwenye lango la mbuga nyumbani: alitoa kitambulisho cha taifa ili aingie kama mwananchi. Mwanamke wa langoni alikigeuza pande zote mbili.

"Raia ni wa hapa," alisema kwa upole. "Wewe ni mgeni."

"Mimi ni mgeni kwenu. Kwa mlima si mgeni."

"Mgeni haingii bila mwongozaji aliyesajiliwa. Ni kwa usalama wako. Watu hupotea huko juu."

Mwongozaji aliyesajiliwa alikuwa jamaa mmoja mrefu mwenye kofia ya bluu, ambaye alikuwa ameujua mlima tangu wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa akiwaeleza watu namna ya kupumua. Nafasi zake zilikuwa zimejaa mpaka wiki ijayo.

Mwai alisogea pembeni, akashika waya kwa mikono miwili na kuuambia mlima, kwa Kikuyu, kwamba Watiri anauulizia. Mlinzi alimwomba asipige kelele. Mlima haukusogea. Pengine haukusikia. Pengine na wenyewe ulikuwa umechanganyikiwa, hakujua, na hapo alijichukia waziwazi, yeye na chapati yake na bata wake.

Nduta alipiga tena, safari hii kwa video. Jua la Gatitu lilikuwa linaingia. La huku halikuwa na haraka. Watiri alikuwa amelazwa kwenye godoro mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, akitazama uwanda mtupu na taa za Chuka zikianza kuwaka.

"Cucu," alisema Mwai, "nimekuletea. Angalia hapa."

Aliinua simu juu kadiri mkono ulivyoweza. Watiri alikunja macho. Ilichukua muda.

"Mwambie huyo wa kofia asonge," alisema. "Ananizibia."

Mwai alimwomba mwongozaji asogee, naye akasogea, maana hakuwa mtu mbaya. Watiri akatazama tena. Midomo yake ilianza kwenda kama alfajiri, kisha ikasimama.

"Ni yetu hiyo?"

"Ni yetu, cucu."

"Na waya ni ya nini tena?"

Mwai alitazama kibao cha shaba, akatazama foleni, akaitazama simu. Nduta ndiye aliyemwambia aache, kwamba hakuna haja tena ya kujibu.

Alikaa chini na kulia, shanta bado mgongoni. Watu wa foleni walimpisha kwa heshima. Mwanamke wa langoni alimletea maji kwenye kikombe cha karatasi.

Lilipofungwa lango, mwongozaji alikuja akasimama karibu naye. Aliyatazama mabega ya Mwai kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama punda sokoni.

"Unaweza kubeba?" aliuliza. "Kesho nina wazee kumi na mizigo yao. Wabebaji hawahitaji tiketi."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa hata ya pili hawakuingoja. Mwai alijifuta uso. Alikumbuka kwamba mlima unahitaji kuambiwa kwa karibu, na kwamba sasa kulikuwa na habari nyingine pia ya kuuambia.

"Naweza," alisema.

"Sawa. Wabebaji huingilia lango la nyuma, saa kumi na moja alfajiri."

Mwai aliuliza lango la nyuma liko wapi. Jamaa alifikiri, akaanza kutaja kushoto, kisha kulia, akachoka, akaonyesha kwa mkono.

"Nenda tu," alisema, "upande wa mlima."