Uso wa Kipyego

Kamera ya Phineas Nyongesa ilikuwa sanduku la mbao lililochakaa, na lenzi yake ilikuwa na tabia mbaya: iliona mahali pamoja tu. Ukiilenga usoni, miguu inapotelea kwenye ukungu. Ukiilenga miguuni, uso ndio unakwenda. Phineas hakuumiza kichwa. Vibarua waliotoka Bungoma na Maragoli kutafuta kazi Eldoret walitaka jambo moja, nyumbani waone kwamba wamevaa viatu. Aliweka hata jozi ya kuazima uani kwake, na kila picha aliilenga pale pale, viatuni. Viatu vilitoka vikimeta. Nyuso, kila mtu azikumbuke mwenyewe.

Mwaka mmoja baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, akiba yake ilitosha kitu kimoja. Dukani palikuwa na kamera mpya, inayong'aa, ila lenzi yake hovyo kama ile aliyonayo. Kando yake palikuwa na lenzi safi, inayoona uso na miguu pamoja, peke yake, ambayo ingeingia kwenye sanduku lake kuukuu.

"Nunua kamera, Baba Nelima," alisema mkewe, Tryphosa. "Nani atajua umebadilisha lenzi? Watu wanaangalia sanduku kwanza, na hii yetu inafanana na mzinga wa nyuki."

Maneno yalimwingia, maana kuchekwa kulikuwa kumemchosha. Asubuhi akavaa koti aende akainunue hiyo kamera.

Mlangoni akakutana na mama mmoja wa makamo, Jemutai, aliyetoka Kapseret kwa miguu. Alifungua fundo la leso akatoa picha ya kijana aliyesimama wima.

"Ni wewe ulipiga hii?"

"Ni mimi, Mama. Ni kijana wako?"

"Kipyego. Alienda vita, akabaki huko Burma." Alisema bila kulia, alikuwa amekwisha kulia vya kutosha. "Picha ingine sina. Sasa huu uso hauonekani. Nilifikiri ni macho yangu imezeeka, lakini hata wasichana wangu hawaoni. Nisafishie, fundi."

Phineas aliitazama. Viatu vilikuwa vile vyake vya kuazima, safi kabisa. Juu ya shingo palikuwa na weupe tu. Aibu ilimshika.

"Haisafishiki, Mama. Makosa ni yangu. Nililenga viatu."

Jemutai aliichukua picha mkononi mwake. "Hakuna kitu inaweza kuona uso?"

"Iko lenzi moja, dukani."

"Ukinunua hiyo, utamtoa hapa ndani?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, na ungempa mama huyu usingizi wa siku kadhaa. "Hapana, Mama. Hiyo haiwezekani."

Akamwomba angoje, akaenda dukani. Kamera mpya aliitazama, tena sana, maana naye ni binadamu. Akarudi na lenzi. Tryphosa alifungua mdomo amseme, akamwona yule mama kwenye benchi, akaenda kuchemsha chai.

Lenzi ilipokwisha kufungwa, Jemutai alikuwa amekwisha kujikalisha kwenye kigoda, kitambaa cha kichwa amekivua.

"Watu walikuwa wanasema tumefanana sana, mimi na yeye," alisema, akigusa paji la uso, pua, kidevu. "Basi piga hapa. Piga yote."

Phineas akajifunika kitambaa cheusi cha kamera. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera uso ukaja wazi, kila kunyanzi mahali pake, na nyuma ya makunyanzi akamtambua kijana. Alikawia kutoka humo, kwa kuwa alikuwa akilia.