Ukuta wa Ndoo

Watu wa kwanza waliingia Jumanne, saa nne asubuhi. Walikuwa wawili, mume na mke kwa jinsi walivyogusana viwiko kuonyeshana vitu, na hawakununua chochote. Hilo peke yake halikumsumbua Mama Ndoo. Kwa miaka kumi na tisa aliyouza ndoo, mabeseni, mifagio na vibanio vya nguo katika mtaa ule unaoteremka hadi baharini, alishazoea watu wanaoingia kukwepa jua kisha wakajifanya wanachagua brashi. Kilichomtatiza ni namna wale wawili walivyosimama. Waliweka mikono nyuma, wakainua vichwa kuutazama ukuta wa kushoto, ule unaotundikwa bidhaa, wakanyamaza kama watu walioingia chumba cha mgonjwa. Baada ya kitambo kirefu mke alisema asante kwa sauti ya chini, wakatoka.

Asante ya nini, Mama Ndoo hakujua.

Kufikia adhuhuri walishaingia kumi na mmoja. Mmoja alipiga magoti ili ayatazame madodoki kwa chini. Mwingine, mzee mwenye kofia ya majani, alivua miwani akafuta macho. Mama Ndoo alidhani kwanza ni wakaguzi wa baraza la mji, lakini wakaguzi hawaji na kandambili, na hawaondoki bila kukuachia karatasi. Akadhani ni wezi wanaolisoma duka, lakini mwizi gani apoteze dakika arobaini kwenye brashi za kusugulia sakafu? Mwishowe alimpigia simu mumewe, fundi wa injini za boti kule gatini, akamuuliza kama kuna mtu wa ukoo amefariki na yeye anafichwa. Mumewe alisema hakuna aliyefariki, halafu akamuuliza kama amekula.

Wifi yake alikuwa nyuma ya kaunta muda wote huo, akikata kamba za kuanikia nguo mita tano tano. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Alikuja kuishi nao miaka minne nyuma, ndoa yake ilipovunjika, akiwa na begi moja na maneno machache kuliko nguo zilizokuwamo. Walimpa chumba cha nyuma ya duka. Ndiye aliyefungua kila asubuhi, kwa sababu Mama Ndoo alikuwa na mama yake mzazi wa kumwogesha na kumlisha kabla hajatoka nyumbani, na ndiye aliyetundika bidhaa. Ukimuuliza jambo alikujibu. Usipomuuliza, siku ilipita hivyo hivyo.

Mama Ndoo alimuuliza watu wale wanataka nini.

"Labda wanapumzika," Wifi alisema, akaendelea na kamba zake.

Kesho yake aliingia mwanamke mmoja mwenye mtandio mwepesi shingoni. Alizunguka, akarudi nyuma hatua tatu, akasogea, mwisho akaijia kaunta akinyata.

"Samahani," alinong'ona. "Hii imefanywa na nani?"

"Kiwanda," Mama Ndoo alijibu.

"Hapana, nauliza hii yote." Na kwa mkono wake alichora duara kubwa hewani.

Mama Ndoo aliutazama ukuta. Aliona ndoo. Aliona ndoo za njano, mabeseni ya bluu, majagi, machujio, na mifagio iliyotundikwa juu mno kiasi kwamba mteja mfupi asingeifikia, jambo ambalo alipanga kumwambia Wifi. Zaidi ya hapo hakuona kitu. Yule mwanamke alitabasamu kama aliyeelewa siri, akamwachia karatasi aliyokuwa ameishika.

Kilikuwa kipeperushi cha kukunja mara tatu. Ndani palichorwa mtaa wao, kuanzia kwenye duka la dawa hadi ufukweni, na juu ya mchoro maandishi yalisema kwamba haya ni matembezi ya maduka na nyumba za sanaa za pwani. Milango tisa ilikuwa imepewa namba. Wa saba ulikuwa wake. "Duka la ndoo," aliandikiwa. "Usipite bila kuingia. Ukuta wa kushoto hubadilika kila siku. Msanii hajitambulishi."

Alisoma mara tatu, na kila mara maneno yalibaki yale yale. Akamwambia Wifi amshikie duka, akashika kipeperushi mkononi na kuanza kuufuata mtaa aliodhani anaujua, ili aone hao wengine ni watu gani na yeye amechanganywa nao vipi.

Namba moja ilikuwa duka la vinyago ambalo alikuwa akilipita kila siku bila kuingia. Namba mbili palikuwa na vyungu vitatu mezani, chumba kizima vyungu vitatu, na Mama Ndoo aliuliza kwa nia njema kabisa kama vifuniko vinauzwa kando. Mfinyanzi alisema havina vifuniko. Alipouliza basi vinatumika kwa kazi gani, mfinyanzi alifikiri, akakiri kwamba hana hakika. Namba nne ilikuwa giza tupu na sauti ya maji kutoka kwenye spika. Alitoka akiwa ameshika ukuta. Alijaribu kuweka mikono nyuma kama wale wageni, akihisi huenda dawa iko kwenye mikono, lakini alichopata ni maumivu ya mabega.

Namba sita alikuwa jirani yake, mchoraji wa picha za bahari, mtu aliyekuwa akiazima ngazi yake karibu kila wiki. Leo hakuwa na bashasha. Alimweleza kwamba yeye ameomba kuingizwa kwenye kipeperushi miaka miwili mfululizo, na walipomwingiza wamemwandikia mstari mmoja, wakati mwuza ndoo kapewa mistari mitatu. Mama Ndoo alimwambia achukue yote mitatu, yeye hana pa kuiweka. Mchoraji alidhani anakejeliwa. Ilibidi amwapie kwamba hajaomba, hajajaza fomu, wala hajui fomu zenyewe hutolewa wapi. Hapo mchoraji alilegea, akamwelekeza kwa binti aliyekiandika, kwenye ofisi ya juu ya duka la dawa.

Ofisi yenyewe ilikuwa meza moja, feni moja na mabunda ya vipeperushi hadi dirishani. Mama Ndoo alikaa, akashusha pumzi, akasema alichokuwa amekipanga njia nzima.

"Mwanangu, umekosea namba. Mimi nauza ndoo."

Binti hakuonekana kushtuka. Alisema hakukosea. Aliingia pale kununua vibanio, akakaa karibu saa nzima akiutazama ukuta, akatoka bila vibanio. Aliporudi kesho yake kuvifuata, alikuta ukuta mwingine kabisa, akasahau tena. Ndipo akaanza kupita kila asubuhi na kuupiga picha kutoka mlangoni. Alifungua simu yake, akaziweka picha kwenye kioo, tisa kwa pamoja, ndogo ndogo kama stempu.

Na kweli hazikufanana. Katika moja mabeseni ya bluu yalianza kwenye pembe ya juu yakateremka hadi sakafuni yakizidi kuwa makubwa. Katika nyingine mifagio yote iligeuzwa mgongo. Katika ya tatu kila kitu kilisogezwa kandokando, na katikati palibaki peupe, na pale peupe palining'inia kata moja ya kuchotea maji. Mama Ndoo alizitazama hadi macho yakamwuma. Alikuwa akiingia dukani humo kila siku ya Mungu.

"Anayefanya ni nani?" binti aliuliza.

Mama Ndoo alijibu kwamba ni wifi yake, na alipojisikia akisema hivyo, uso ulimwaka. Alikumbuka jinsi alivyomlalamikia mumewe kwamba dada yake anatumia saa mbili kwa kazi ya robo saa. Alikumbuka siku aliyoshusha kila kitu mwenyewe, akapanga ndoo na ndoo, beseni na beseni, kubwa chini ndogo juu, na asubuhi iliyofuata akakuta Wifi amerudisha mambo yake. Alikuwa ameuita ubishi, na kwa wiki nzima alimsemesha kwa mkato.

Alirudi dukani polepole. Wifi alikuwa anahesabu vibanio, dazeni kwa dazeni.

"Wifi," alisema. "Ule ukuta. Huwa unafanya makusudi?"

Wifi aliacha kuhesabu. "Nilidhani unauona."

"Nauona. Naona ndoo."

"Basi ni ndoo," Wifi alisema, bila kuudhika. Kisha, kwa kuwa Mama Ndoo hakuondoka, akaongeza: "Naamka kichwa kimejaa. Nikipanga, kinapungua. Sijui nikuambie vipi tena."

Mama Ndoo alivuta kigoda akakaa. Aliuliza siku ile ya mabeseni ya bluu ilikuwa na nini. Wifi alifikiri, akasema ile ilikuwa siku aliyosikia kwamba aliyekuwa mume wake ameoa tena, na alikuwa ameungoja uchungu uje, haukuja, akashangaa. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mama Ndoo alijaribu kuunganisha mabeseni na ndoa, mabeseni na uchungu usiokuja, ikamshinda. Lakini kilichomuuma hakikuwa mabeseni. Miaka minne walikuwa wakishinda pamoja kutoka asubuhi hadi jioni, kaunta moja, kikombe kimoja cha sukari, na habari hiyo ndiyo kwanza anaisikia. Alitaka kuomba radhi, akakosa pa kuanzia, akamsaidia kuhesabu vibanio. Walikosea hesabu, wakaanza upya.

Jumamosi alikuja meneja wa hoteli ya ufukweni, mtu wa suruali nyeupe. Alisimama mbele ya ukuta, akasema anautaka. Mama Ndoo alimuuliza anataka ndoo ngapi. Alisema anautaka wote kama ulivyo, kwa ajili ya ukumbi wa mapokezi, na usishushwe chochote hadi atakapoleta watu wake waupime. Alikuwa bado anaeleza pale dobi wa mtaa wa pili alipoingia mbio, akiwa amepasukiwa na beseni na nguo za watu ziko kwenye maji, akaomba beseni jekundu kubwa. Lilikuwa moja tu, na lilikuwa katikati ya ukuta.

Meneja aliinua mkono. Mama Ndoo alimtazama meneja, akamtazama dobi, akahisi kwamba duka lake mwenyewe halijui tena kwamba ni duka. Wifi hakumtazama yeyote. Alichukua mti mrefu wenye ndoano, akalishusha beseni jekundu, akalipangusa vumbi kwa kanga yake na kumkabidhi dobi. Katikati ya ukuta pakabaki misumari miwili.

"Umeuharibu," meneja alisema taratibu.

"Alikuwa analihitaji," Wifi alisema. Baadaye kidogo, meneja alipokuwa ameshageuka kuondoka, alimuuliza ukuta wa hoteli una urefu gani.

Walipatana. Kila Jumatatu na Alhamisi Wifi angekwenda hotelini kupanga ukuta wa mapokezi kwa vitu vya hoteli yenyewe, sufuria, trei, funguo, chochote watakachompa. Mumewe Mama Ndoo aliposikia aliuliza kama dada yake ameajiriwa kuwa mfanya usafi, na Mama Ndoo alijaribu kumweleza hadi akajichanganya mwenyewe, akamwambia aende akaone kwa macho yake. Alikwenda na nguo za kazi. Alirudi akasema tu kwamba dada ametundika vijiko.

Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi kazi ya kupanga ukuta wa duka ilimwangukia Mama Ndoo. Mara ya kwanza alipanga kwa ukubwa. Wageni waliingia, wakatazama kidogo, wakatoka bila kusema asante, na kwa mara ya kwanza asante ile ikamkosesha raha kwa kutokuwepo. Mara ya pili aliiga moja ya zile picha za simu, beseni kwa beseni, hata msumari hakukosea. Mzee mmoja aliuliza nani amefanya. Alisema ni yeye. Mzee aliitikia kwa adabu, akauliza choo kiko wapi.

Alijaribu wiki tatu. Aligeuza mifagio, akairudisha. Aliacha peupe katikati, peupe pakaonekana kama pengo la bidhaa zilizoisha, na wateja wawili wakamuuliza mzigo utaingia lini. Tatizo lilikuwa nini hakuweza kusema, na tatizo la pili ni kwamba sasa alikuwa akiuota ukuta huo.

Alhamisi moja Wifi alirudi mapema kutoka hotelini, akamkuta amesimama juu ya ngazi, ndoo ya njano mkononi, hajui aipeleke kushoto au kulia.

"Nisaidie," Mama Ndoo alisema. "Niambie inakaa wapi."

Wifi aliweka mkoba wake kwenye kaunta. Aliutazama ukuta, kisha akamtazama aliye juu ya ngazi, kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoutazama ukuta.

"Mama ameamkaje leo?" aliuliza.

Mama Ndoo alisema mama hakulala. Alilia usiku kucha kwa maumivu ya miguu, na alfajiri alimwita kwa jina la binti yake mwingine, na yeye akaitikia jina hilo, kwa sababu hakuwa na nguvu za kumsahihisha. Hakuwa amemwambia mtu. Alishangaa kujisikia anasema, tena akiwa juu ya ngazi na ndoo mkononi, mlango wa duka wazi.

"Haya," Wifi alisema. "Tushushe vyote kwanza."

Akaishika ngazi kwa mkono mmoja, na Mama Ndoo akaanza kumpokeza kimoja kimoja, bado asijue vitarudi vipi.