Rimoti Mbili za Koti Jekundu

Mume wangu ana klabu. Waume wa wenzangu wana klabu za mpira. Wangu ana klabu ya watu wazima watano wanaoamka alfajiri kila Jumamosi, wanaendesha gari dakika arobaini mpaka jangwani, na kurusha ndege za kuchezea. Ukiziita za kuchezea wananuna. Zinaitwa ndege za mfano, na wao wenyewe wanaitana marubani, ingawa mwenyekiti wao, wakala wa bima, hajawahi kupanda ndege ya kweli kwa sababu anaogopa. Mikutano ya kampuni yake anaiendea kwa basi, siku mbili njiani, na akirudi anatufundisha habari za upepo.

Jangwa walilichagua kwa kuwa halina miti, halina nyaya za umeme na halina kichwa cha mtu wa kugongwa. Ni ardhi kavu, mchanga uliokaza, vijiwe, na jua ambalo ikifika saa nne linakufukuza bila kukuaga. Wamefagia kipande cha mita themanini, wakakipangia mawe ya chokaa pembeni, wakakibatiza kiwanja. Kuna hema moja, meza moja ya kukunja, na kanuni thelathini na moja.

Kanuni ya kumi na tisa inanihusu, maana mimi ni fundi cherehani. Mchanga ulikuwa unaingia kwenye rimoti za kuongozea ndege, mwenyekiti akaamua kila rimoti ivishwe koti la kitambaa, yote mekundu, yote sawasawa. Nilishauri nitarizi majina ya wenyewe. Akaniambia, shemeji, hii si shule ya chekechea, nidhamu inaanzia kwenye sare. Basi nikashona makoti kumi, kwa sababu kila rubani ana rimoti yake na ya akiba, na nikalipwa kwa makofi. La mwisho lilikuwa la baba mkwe wangu, rubani wa tano, la rimoti yake ya kurushia, si ile ya akiba. Uzi mwekundu uliniishia kwenye pindo la chini nikamalizia na wa zambarau. Hakuna aliyegundua. Watu wanaojisifu kuona ndege ya mita moja ikiwa juu mawinguni hawakuona mshono ulio mkononi mwao.

Baba mkwe alipima mizigo ya abiria uwanja wa ndege kwa miaka thelathini na minne. Alizijua ndege zote kwa mlio, na hakupanda hata moja. Alipostaafu alihamia kwetu na sanduku la nguo na michoro, akaanza kuunda ndege yake juu ya meza yangu ya wageni. Miaka miwili. Gundi iliingia kwenye sukari. Kitambaa changu cha meza kiliganda hivi kwamba ukikisimamisha kinasimama chenyewe. Lakini ndege ilikuwa nzuri, niseme ukweli: mbao nyepesi iliyokwanguliwa ikawa laini kama shavu la mtoto, rangi ya manjano, mabawa marefu kuliko mlango.

Ilipobaki kupaka rangi mkia tu, mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza alisingizia baridi. Kisha tukaona chai anainywa kwa mikono miwili. Siku moja mezani alituambia hivi: anataka kuirusha mara moja tu, kwa mikono yake mwenyewe, halafu tuitundike ukutani na hatatusumbua tena. Hakuwa mtu wa kuomba vitu. Nilimtazama mume wangu, naye akatazama sahani.

Wiki hiyo mwenyekiti alikuja nyumbani, wakajifungia na mume wangu jikoni kwangu kupanga njama, mimi nikiwa hapo hapo nakatakata vitunguu, kana kwamba mimi ni mtungi wa maji. Mpango ulikuwa wa marubani kweli. Rimoti ya akiba ya baba haijawahi kuunganishwa na ndege yoyote. Ukiiwasha inawaka taa, lakini inajisemea peke yake. Baba angeshikishwa hiyo. Mwenyekiti angesimama hatua mbili nyuma yake na rimoti ya kweli, aongoze yeye. Mzee angefurahi, ndege ingepona.

Nikawaambia huko ni kumpaka mzee mafuta kwa mgongo wa chupa. Mume wangu akasema ni mapenzi. Nikasema basi amwambie baba yake waziwazi kwamba mkono haufai tena.

"Mwambie wewe," akasema.

Nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Kwa hiyo msinione mtakatifu, njama hiyo na mimi nimo.

Jumamosi tulikwenda wote. Baba alivaa shati lake la kazini la zamani, lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Kati ya marubani wenzao, daktari wa meno alileta kamera, mwalimu wa jiografia alileta kipima upepo, mwenyekiti alileta hotuba. Aliziweka rimoti mbili juu ya meza ya kukunja, ya kweli mkono wake wa kushoto na ya uongo wa kulia, akamkonyeza mume wangu, akakohoa na kuanza. Alizungumzia historia ya klabu, ambayo ina miaka sita. Alipofika mwaka wa tatu, daktari wa meno akamlalamikia kwamba jua liko mgongoni mwake, picha zitatoka nyeusi. Mwenyekiti hapendi kutoka mweusi kwenye picha za klabu. Akazunguka, akahamia upande wa pili wa meza, akamalizia hotuba huko akitabasamu. Kisha, kwa heshima zote, akachukua rimoti iliyokuwa kulia kwake akamkabidhi baba. Ya kushoto akaificha tumboni kwake.

Kanuni ya nne inadai ukaguzi. Mwalimu alipiga magoti nyuma ya ndege akawa anaita: panda, shuka, kushoto, kulia. Baba akasukuma vijiti, na mwenyekiti nyuma yake akasukuma vile vile kwa siri, na mkia ukatii. Wote wakaridhika. Ukaguzi wa kitaalamu kabisa.

Ndege ilikimbia kati ya yale mawe ya chokaa, ikapepesuka, ikapaa. Nakwambia ilipendeza. Baba aliinua rimoti kifuani ili aione ndege vizuri, jua likampiga kwenye mikono, na hapo nikaona uzi wa zambarau.

Kwanza nilidhani macho yananichezea. Nikasogea. Lile pindo nalijua kama ninavyojua kovu la goti langu. Nikamgeukia mwenyekiti: alikuwa ameikamua ile rimoti nyingine kama anafua soksi, jasho linamtiririka, anavuta kushoto na ndege inakwenda kulia. "Upepo wa juu," akamnong'oneza mume wangu, "upepo wa juu leo ni mbishi." Kipima upepo cha mwalimu kilikuwa kimesimama kimya.

Ningesema neno moja tu, mwenyekiti angemrukia mzee na kumnyang'anya rimoti mbele ya watu wote, akiwa ndani ya shati lake la pasi. Nikinyamaza, miaka miwili ya gundi ingeweza kujizika mchangani kwa sababu ya kimya changu. Nilifungua mdomo. Halafu nikaitazama ndege yenyewe. Mabawa yalikuwa yanatetemeka, kidogo tu, mtetemo ule ule ninaouona kila asubuhi kwenye kikombe cha chai. Ilitetemeka, na ilikuwa inaruka. Nikaufunga mdomo.

Baba aliizungusha mizunguko mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa ovyo, yai lingekuwa duara zaidi. Wa pili ulinyooka. Wa tatu aliishusha chini mpaka kivuli chake kikatupita vichwani, na daktari wa meno akasahau kupiga picha. Wakati wa kutua mwenyekiti alipiga magoti kabisa, akisukuma vijiti vyake kwa imani kubwa. Ndege ilidunda mara moja, ikadunda mara ya pili, ikachimba pua kwenye mchanga na kusimama. Propela ilivunjika vipande viwili. Vingine vyote salama.

Makofi yalipigwa. Kila mmoja alimpa baba mkono, kisha kila mmoja akaenda kwa zamu kumpongeza mwenyekiti nyuma ya hema. Mwenyekiti aliwaeleza jinsi alivyoutuliza ule upepo. Alisema kutua vile, kwa mtu asiye na uzoefu, kungekuwa balaa. Mpaka leo sijui kama mtu yule alijua. Kama hakujua, basi ana kipaji cha pekee. Na kama alijua, amekufa na tai shingoni na namvulia kofia.

Baba naye alikuwa anatabasamu kwa kila mtu, tabasamu la mtu aliyealikwa harusi asiyoijua. Alimshukuru mwenyekiti mara mbili. Walipotaka kuipokea rimoti ili waifungashe, hakuiachia.

Mume wangu alibaki kukunja hema, kanuni ya ishirini na nne, mimi nikaendesha gari kumrudisha mzee. Mabawa tuliyafungua tukayalaza nyuma. Mwili wa ndege ulikaa kiti cha nyuma na mkia wake, kama abiria.

"Mwenyekiti wenu anarusha vizuri," akasema.

Nikaukaza usukani. Nikamuuliza ana maana gani.

"Ukuta wa jikoni kwako mwembamba, mwanangu. Nilisikia yote."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akaeleza kwamba hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele ya wenzake, kwa hiyo aliamua kuigiza. Aliigiza kwa bidii, kila kona aliivuta kama kweli. Kuna wakati, alisema, ilikuwa kama ndege inamsikia, akajiambia mzee acha ujinga. Sasa tuitundike tu ukutani, mwenyewe hana neno.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaegesha gari pembeni, vumbi likatufikia likatupita. Nikamwambia ageuze rimoti aangalie pindo la chini. Akaangalia. Nikamsimulia uzi ulivyoniishia, nikamsimulia meza, na picha, na mwenyekiti alivyozunguka. Alinisikiliza kwa adabu, namna mtu anavyomsikiliza muuguzi anayemwambia sindano haiumi.

"Uzi ni uzi," akasema. "Na wewe una huruma sana."

Kubishana na mtu aliyepima mizigo ya watu miaka thelathini na minne ni kujichosha; amesikia visingizio vyote. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikaichomeka betri tumboni mwa ndege kama nilivyowaona wakifanya. Propela iliyovunjika ilikuwa imeshaondolewa, kwa hiyo haikuwa na cha kutukata.

"Washa, baba."

Akawasha. Akageuka kwenye kiti, miwani imemshuka puani, akasukuma kijiti kushoto. Mkia ukaenda kushoto. Akasukuma kulia, ukaenda kulia. Akainua kidole gumba akakirudisha juu ya kijiti bila kusukuma kitu, akakiacha tu pale, na mkono ukafanya ule mtetemo wake wa kawaida. Kwenye kiti cha nyuma, kati ya mkoba wangu na chupa ya maji, mkia wa manjano ukatetemeka vile vile.

Nilijifanya napangusa kioo.

"Kumbe," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya kijana fulani nisiyewahi kukutana naye, "kumbe ile propela nimeivunja mimi."

"Wewe mwenyewe, baba," nikamwambia.